Ditekta Inapolia Bila Dhahabu

Anayesaka vipande vya dhahabu kwa ditekta, awe Chunya, Geita au Migori, hutegemea masikio kuliko macho. Kipande kidogo kilichofukiwa hutoa mlio hafifu sana, na mlio huo ukizamishwa na kelele, mchimbaji hukikanyaga na kupita. Ndiyo maana mashine ikianza kulialia ovyo, wengi hukimbilia kuizungushia koili foili ya jikoni. Kinga ya kujitengenezea inafaa kweli, lakini inatibu aina moja tu ya usumbufu. Anayeifunga bila kujua ni ipi anaweza kuiziba mashine yake masikio.

Kwanza tafuta kelele zinatoka wapi. Zima simu, redio ya mawasiliano na saa ya kidijitali uliyovaa. Inua koili hadi usawa wa kiuno, mbali na metali yoyote, kisha iache itulie. Ikinyamaza hapo lakini ikalia unapofagia karibu na ardhi, tatizo ni udongo wenye madini ya chuma. Hapo kinga haina kazi. Mashine inatakiwa kurekebishwa ilingane na udongo. Ikiendelea kulia ikiwa hewani, ni usumbufu wa sumakuumeme. Tikisa waya na plagi yake taratibu, maana kiungo kilicholegea hulia vilevile. Kisha isimamishe koili wima na uzunguke nayo polepole. Kelele zikipanda na kushuka kadiri unavyobadili upande, kuna chanzo kinachotuma uga wa sumaku: nyaya za umeme, transfoma, inveta ya sola au mota ya karasha. Mwisho gusa koili kwa kiganja kisicho na pete, au ipitishe kwenye majani yenye umande. Ikilia kwa kuguswa tu, kinga yake dhidi ya uga wa umeme haipo au imekatika.

Tofauti ya nyuga hizo mbili ndiyo kiini cha jambo lote. Ditekta hupeleka ardhini uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Mashine nyingi za aina ya kawaida hufanya kazi kati ya kilohezi 5 na 70. Uga huo ukikutana na dhahabu, huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake wa sumaku, na huo ndio koili inaousikiliza. Kwa hiyo ishara ya dhahabu hufika kwa njia ya sumaku, sawa na usumbufu wa transfoma.

Sasa tazama foili. Ile ya jikoni ina unene wa takriban milimita 0.016. Kwa masafa ya kilohezi 10, uga wa sumaku hupenya kwenye alumini karibu milimita 0.8 kabla nguvu yake haijashuka hadi kama theluthi moja. Foili ni nyembamba mara hamsini kuliko kina hicho, na kwa umeme wa majumbani wa hezi 50, kina hicho huzidi milimita 10. Sumaku hupita kana kwamba hakuna kitu. Na ni heri iwe hivyo, kwa sababu kinga ambayo ingezuia sumaku ya transfoma ingezuia pia ile ya dhahabu. Kinachozuiwa na foili ni uga wa umeme: ule unaoletwa na kiganja chako, majani mabichi na nyaya zenye volti zilizo karibu.

Koili nyingi za kiwandani tayari zina kinga hiyo ndani, kwa kawaida rangi yenye grafaiti, na zimezibwa kwa gundi ngumu. Usizipasue bila sababu. Kazi hii inamhusu anayesuka koili yake au anayefufua iliyoharibika. Funga nyuzi za koili kwa tepu ya umeme, kisha ongeza tabaka la plastiki au spongi ili foili isikae juu yake moja kwa moja. Zungushia vipande vya foili, lakini usikamilishe duara: acha pengo la kama sentimita moja. Ncha mbili zikigusana, foili inageuka kuwa mzunguko uliofungwa unaomeza nguvu ya koili. Pengo hilo likague kwa macho, kwani mita itaonyesha mawasiliano hata likiwapo, kupitia upande wa pili wa duara. Alumini haishiki risasi ya kuchomea ya kawaida, kwa hiyo laza juu ya foili waya wa shaba usio na ganda, nao usivuke pengo. Ufunge kwa tepu, na uunganishe sehemu moja tu na erthi ya kebo. Hatimaye pima kwa mita kwamba foili haina mawasiliano na nyuzi za koili.

Kwa mashine za mapigo, zinazosikiliza maikrosekunde chache baada ya kukata mkondo, foili mara nyingi haifai. Mikondo huchelewa kufa ndani yake, na mashine huiona kama metali. Hapo tumia unga wa grafaiti uliochanganywa na vanishi, ukiacha pengo lilelile. Mafundi hulenga ukinzani wa takriban kilo-omu moja hadi chache kutoka ncha moja hadi nyingine. Kabla ya kugusa chochote, toa betri: koili ya mashine hizi hutoa mamia ya volti kila mkondo unapokatwa.

Usumbufu wa sumaku una dawa nyingine. Ya kwanza ni umbali, kwa sababu uga hupungua upesi kadiri unavyosogea. Badili masafa kama mashine inaruhusu, au punguza usikivu wake kidogo. Koili iliyosukwa kwa umbo la namba nane husaidia sana: pande zake mbili husukwa kinyume, hivyo uga kutoka mbali huingia kote kwa kiasi sawa na kujifuta, huku dhahabu iliyo chini ya upande mmoja ikibaki kusikika. Karibu na karasha, fanya kazi wakati mitambo imezimwa. Radi nazo husikika kama mikwaruzo hata zikiwa mbali. Zikikaribia, weka mashine chini na utafute hifadhi.

Kabla ya kufunga kinga, chukua kipande kidogo cha risasi na upime hewani umbali ambao mashine inakisikia. Rudia baada ya kazi, mahali palepale na kwa mpangilio uleule. Kelele zikipungua na umbali ukibaki au kuongezeka, kinga imefanya kazi. Umbali ukipungua, foili iko karibu mno na nyuzi au pengo limefunga: ifungue uirekebishe kabla hujaenda nayo machimboni.