Bwawa, Kichocho na Shahada ya Afya ya Jamii

Baada ya sala ya Alasiri, baba mmoja wa Msambweni alinijia akiwa mnyonge. Bintiye alikuwa amepata nafasi chuo kikuu kusomea afya ya jamii, naye alitaraji udaktari. "Maalim," akaniuliza, "niuze ng'ombe ili mwanangu akafundishe watu kunawa mikono?" Nilimjibu aikubali nafasi hiyo, kwani nyingine haikuwapo. Leo naona jibu langu lilikuwa pungufu.

Binti aliporudi likizo, alinikuta nikisomesha mlango wa tahara. Tulikuwa katika katazo la Mtume wetu (S.A.W.) la kukojoa katika maji yaliyotuama. Darasa lilipokwisha, alinieleza kwa adabu habari za kichocho, maradhi yaliyoisumbua Kwale kwa miaka mingi. Mayai ya minyoo hutoka katika mkojo wa mgonjwa. Yakifika bwawani huanguliwa, vijidudu vikaingia ndani ya konokono wa majini na kuzaana humo. Kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayefua. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimkingi mtu anayerudi bwawani.

Miaka yote nimeisomesha hadithi ile kama hukumu ya twahara, na ndivyo ilivyo. Sikuwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu bwawa lililo karibu nao.

Daktari humtibu aliyekwisha kuugua. Msomi wa afya ya jamii huuliza kwa nini kijiji kizima kinaugua maradhi yale yale kila mwaka. Ndiyo sababu husoma takwimu, lishe, usafi wa maji, afya ya mama na mtoto, na namna ya kusema na watu. Tena kichocho huweza kumdhuru mwanamke sehemu za uzazi. Mama zetu watamweleza binti kama huyu yale ambayo wangemficha mwanamume.

Imam Ghazali, katika Ihyaa, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi wakaiacha miji bila tabibu Mwislamu. Lawama hiyo yatufikia na sisi tuliokaa misikitini.

Basi wazazi wenzangu, mtoto akipata nafasi hii, msimsindikize kwa huzuni. Baba yule nimemrudia na kumtaka radhi. Na binti akirudi likizo nyingine, inshallah, darsa la kina mama litakuwa lake. Mwenyezi Mungu amzidishie elimu yenye manufaa. Amin.