"Baba, Leo Shule Imefungwa kwa Nini?"

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nimeketi barazani, na mtoto wangu aliye darasa la tatu akanijia akauliza, "Baba, leo shule imefungwa kwa nini?" Nikamjibu, "Ni Siku ya Karume." Akasema, "Karume ni nani, na siku hii alifanya nini?" Nami, niliye mwalimu miaka mingi, nikasema maneno mawili matatu yasiyo na kichwa wala miguu, kisha nikamtuma maji kisimani. Aliporudi hakuuliza tena. Jambo hili lilinichoma moyo, maana mtoto aliyenyamazishwa mara moja huuliza mara chache baada yake. Ndiyo sababu nimeandika habari hizi za siku kuu za taifa la Tanzania, ili mzazi au mwalimu mwenzangu asipatwe na aibu ile.

Na tuanze hapo niliposhindwa. Tarehe 7 Aprili 1972, Bwana Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar tangu Mapinduzi na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, alipigwa risasi akafa huko Kisiwandui, mjini Unguja, katika makao makuu ya chama chake cha Afro-Shirazi. Basi mtoto ajue ya kuwa siku ile si ya furaha, bali ni ya msiba. Wako wazee Unguja wamkumbukao kwa zile eka tatu walizogawiwa wakulima, na kwa majumba marefu ya Michenzani. Wako na wengine wakumbukao ya kuwa alitawala kwa mkono mzito. Yote mawili ni kweli, na mtoto aweza kuyasikia yote mawili pasipo kudhurika.

Siku iliyo ngumu kuliko zote kuifundisha ni tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi. Zanzibar ilipewa uhuru na Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Bwana Mohamed Shamte. Siku 33 tu zilipita, serikali ile ikapinduliwa. Watu wengi wa visiwani, waliojiona wageni katika nchi yao wenyewe, waliipokea siku hiyo kama alfajiri baada ya usiku mrefu. Walakini damu nyingi ilimwagika, hasa ya Waarabu, na watu wengi wakakimbia na kuacha nyumba na makaburi ya wazazi wao. Wengine wao walifika Oman, na hata leo mjini Maskati wapo wasemao Kiswahili cha Unguja nyumbani mwao. Sultani mwenyewe alikwenda Uingereza, akakaa huko zaidi ya miaka hamsini kabla ya kuruhusiwa kuingia Oman mwaka 2020, akafa huko mwaka 2024.

Tazameni kalenda, ndugu zangu: tarehe 12 Januari imeandikwa kwa wino mwekundu, bali tarehe 10 Desemba haikuandikwa. Mwenye kuchagua siku ya kukumbuka huchagua pia siku ya kusahau. Sisemi haya ili kuleta ugomvi. Nasema kwa kuwa mwalimu asiyelijua jambo hili hufundisha nusu ya habari akidhani amefundisha nzima.

Kutoka Mapinduzi hata Muungano ni siku 105. Mwalimu Julius Nyerere na Bwana Karume walitia sahihi Hati za Muungano huko Unguja tarehe 22 Aprili 1964, na tarehe 26 nchi hizo mbili zikawa moja. Watoto wengi wameiona ile picha ya Mwalimu akimimina udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar katika chombo kimoja. Ni mfano mwepesi kwa watoto wadogo: chukua udongo mwekundu na mchanga mweupe, uchanganye mbele yao, kisha waulize ni nani awezaye kuutenga tena. Wakubwa waweza kuambiwa zaidi, ya kwamba habari ya serikali mbili ama tatu imejadiliwa tangu siku zile, na haijaisha.

Mpangilio huu wa miaka ndio unaoleta kosa tunalolisikia kila mwezi wa Desemba. Watu husema, "Leo ni siku ya uhuru wa Tanzania." Sivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 haikuwapo nchi yenye jina la Tanzania duniani. Iliyopata uhuru ni Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza. Usiku ule bendera ya Uingereza ilishushwa uwanjani Dar es Salaam, na bendera mpya ikapandishwa. Na Luteni Alexander Nyirenda akausimamisha mwenge juu ya Kilimanjaro, kama Mwalimu Nyerere alivyotamani mwaka 1959 alipotaka mwanga uwekwe juu ya mlima ule uangaze hata nje ya mipaka yetu. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, Tanganyika ikawa jamhuri. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alizuia gwaride na sherehe zote za siku hiyo, akawataka watu washike mafagio, maana kipindupindu kilikuwa nchini. Naye mwenyewe alionekana akizoa taka. Wako walionung'unika. Mimi naona hata wasiojali siku za taifa waliikumbuka ile.

Saba Saba na Nane Nane hazina haja ya maneno mengi. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Leo wengi wanajua maonyesho ya biashara tu. Nane Nane ni siku ya wakulima, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa kuwa hapo mtoto aweza kushika mbegu na kumpapasa ng'ombe badala ya kusikiliza hotuba. Mei Mosi, siku ya wafanyakazi, asili yake ni madai ya saa nane za kazi huko Chicago mwaka 1886. Walimu wanaijua vema, maana ndiyo siku watumishi hutega sikio wasikie kama mshahara utaongezwa.

Tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya kufa kwake Mwalimu Nyerere, aliyefia London mwaka 1999 na kuzikwa kwao Butiama. Alifundisha Pugu kabla ya kuacha chaki kwa ajili ya siasa mwaka 1955.

Zimebaki sikukuu za dini. Serikali ya Tanzania haina dini, lakini hufunga ofisi zake kwa Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Noeli, na vivyo hivyo kwa Maulidi na Idi zote mbili. Mwaka wa Waislamu huenda kwa mwezi, kwa hiyo siku zao husogea nyuma kadiri ya siku kumi na moja kila mwaka, na jioni ya mwisho wa Ramadhani nchi nzima hutazama juu. Yatupasa kuwafundisha wana wetu kuwapa jirani mkono wa Idi, kama nao watupavyo wetu wakati wa Noeli. Sahani ya pilau iliyopita juu ya ua imezuia magomvi mengi.

Basi mwezi wa Januari uliofuata nilimwita mtoto wangu, tukaketi barazani palepale, nikamsimulia habari za Mapinduzi tangu mwanzo. Alisikiliza akikuna mchanga kwa kijiti. Nilipokwisha akauliza, "Na wale waliokimbia, siku hii wao hufanya nini?"

Nikamwambia, "Wengine hukaa kimya."

Akakaa kimya naye kitambo, kisha akasema, "Haya, sasa nieleze tena habari za Karume."

Nikamweleza.