Usafi wa santuri na sindano: Vifaa vya kawaida vinavyookoa muziki wa kale

SANTURI zilizokuwa zimesahaulika darini na chini ya vitanda zimeanza kutafutwa tena. Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi, wapenzi wa muziki wa kale wamekuwa wakizipekua na kuzinunua kwa miaka kadhaa sasa, na familia nyingi zinagundua kwamba sanduku lililoachwa na babu lilikuwa hazina.

Hata hivyo, furaha ya kuipata santuri ya zamani huweza kugeuka majuto kwa dakika tatu tu, ambao ndio urefu wa wimbo mmoja. Mtu huipangusa kwa ncha ya shati, akaiweka kwenye gramafoni na kuishusha sindano. Kinachosikika ni mikwaruzo na milipuko midogo midogo, mithili ya mahindi yanayokaangwa. Asichokijua ni kwamba wakati huo huo sindano inazisaga kuta za mfereji uliobeba sauti, na kilichosagwa hakirudi tena.

Suala hili si la anasa ya wachache. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, muziki wa Kenya uliwafikia wasikilizaji kwa redio na kwa santuri. Nyimbo za akina Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka, taarab ya Mombasa iliyotolewa kwa lebo ya Mzuri, na benga ya D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati, zote zilichapishwa kwenye sahani hizo, aghalabu zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika.

Si nyimbo zote zilizohamishiwa kanda au CD baadaye. Mwaka wa 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilipotoa mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 uitwao Kenya Special, sehemu kubwa ya nyimbo hizo zilikuwa zimetoka awali kwa santuri ndogo tu. Pale ambapo kanda asilia ya studio imepotea, santuri iliyo mikononi mwa raia wa kawaida huenda ndiyo shahidi wa pekee aliyesalia. Kuitunza ni kuutunza wimbo wenyewe.

Habari njema ni kwamba utunzaji huo hauhitaji mashine ghali. Vifaa vingi vinapatikana jikoni, katika duka la dawa au kwa muuzaji wa vipuri vya magari. Kinachotakiwa ni kujua kazi ya kila kimoja na mpaka wake.

Uchafu hudhuru vipi?

Santuri kubwa ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ina mfereji mmoja tu kila upande, unaojizungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati. Upande unaocheza kwa dakika 20, mfereji wake ukinyooshwa, ungepita mita 400. Upana wake ni mdogo kuliko ule wa unywele wa binadamu.

Ndani ya mfereji huo hupita sindano yenye ncha ya almasi. Ncha ya kawaida ya mviringo ina nusu kipenyo cha takriban maikromita 18. Gramafoni nyingi nzuri huikandamiza sindano kwa uzito wa gramu moja na nusu hadi mbili hivi. Uzito huo ni mdogo, lakini umekusanyika mahali padogo mno, hivyo shinikizo lake juu ya plastiki ni kubwa ajabu.

Sasa fikiria chembe ya vumbi ikiwa katikati ya almasi na plastiki. Vumbi letu limechanganyika na mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki ya vinili kwa mbali. Chembe hiyo huikwaruza santuri, na nyingine hugandamizwa ukutani zikabaki hapo daima. Mafuta ya vidole nayo huyashika mavumbi mengine kama gundi.

Tatizo la pili ni umeme tuli. Vinili ikisuguliwa kavu hujichaji na kuvuta vumbi lililo hewani. Ndiyo maana santuri iliyopanguswa kwa shati huonekana safi kwa dakika moja, kisha ikawa chafu kuliko awali. Hali hii huzidi katika nyanda za juu wakati wa kiangazi hewa inapokauka. Pwani, ambako hewa ina unyevu, adui mkubwa ni ukungu unaoota kwenye majalada na kwenye sahani zenyewe.

Burashi kavu ndiyo ya kwanza

Kifaa cha kila siku ni burashi ya nyuzi za kaboni. Nyuzi zake ni nyembamba sana na hupitisha umeme, hivyo huondoa vumbi la juu na kupunguza chaji kwa wakati mmoja. Iache santuri izunguke, ishike burashi hiyo wima ikiigusa kwa wepesi kwa mizunguko miwili au mitatu, kisha iondoe polepole kuelekea ukingoni pamoja na vumbi lililokusanyika. Usiikandamize.

Asiyekuwa nayo anaweza kutumia burashi pana yenye nywele laini ambayo haijawahi kutumika, au kitambaa cha maikrofaiba kisichoacha nyuzi. Ufuate daima mkondo wa mfereji, yaani kwa duara. Kupangusa kutoka katikati kwenda nje kama anayefuta sahani ya chakula ni kukata mifereji kwa chembe zile zile unazotaka kuziondoa.

Burashi kavu itumike kabla ya kila upande kuchezwa. Lakini haiwezi kutoa mafuta, moshi wa sigara, soda iliyomwagika wala ukungu. Hayo yanahitaji maji.

Kuosha kwa maji na sabuni

Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Utando mweupe unaojijenga ndani ya birika la chai ni ushahidi wa kile ambacho maji ya kisima, na wakati mwingine ya bomba, yangeacha ndani ya mfereji wa santuri. Maji yaliyokenekwa huuzwa katika vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezwa kwenye betri za magari. Soma kibandiko kwa makini: katika maduka hayo hayo huuzwa asidi ya betri, ambayo ni hatari na haifai kabisa kwa kazi hii.

Ongeza tone moja au mawili ya sabuni ya maji isiyo kali, ya kuoshea vyombo, katika lita moja ya maji vuguvugu. Maji ya moto yasitumike kwa sababu hukunja vinili. Poda ya kufulia pia haifai, kwani hukwaruza na kuacha mabaki.

Tandaza taulo safi mezani, ulaze santuri juu yake. Chovya burashi laini katika mchanganyiko huo, uizungushe kufuata mfereji huku ukiiepuka lebo ya karatasi iliyo katikati. Suuza kwa maji yaliyokenekwa peke yake, kisha ukaushe kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Hatua ya kusuuza isirukwe, maana sabuni iliyobaki hukauka na kuwa uchafu mpya. Badilisha taulo kabla ya kugeuza upande wa pili.

Mwishowe, isimamishe santuri katika kichanja cha kukaushia vyombo, mahali penye kivuli, hadi ikauke kabisa. Jua la Kenya halihitaji muda mrefu kuipinda sahani ya plastiki.

Je, spiriti inafaa? Wapenzi wa santuri hawakubaliani. Wapo wanaoongeza kiasi kidogo cha alkoholi ya isopropili katika maji, na wapo wanaoikataa katakata. Maktaba ya Bunge la Marekani, yenye mojawapo ya hazina kubwa zaidi za sauti duniani, hupendekeza maji yaliyotakaswa pamoja na sabuni maalumu ya maabara. Kwa mtu wa nyumbani, sabuni kidogo na maji safi inatosha. Spiriti ya hospitalini iachwe kabisa, kwa kuwa baadhi yake huongezwa mafuta na kemikali nyingine.

Tahadhari kwa sahani za mizunguko 78

Kabla ya yote, hakikisha unajua sahani uliyonayo. Sahani za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotawala kabla ya vinili, zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu unaotokana na mdudu. Ni nzito, na zikianguka huvunjika kama kigae. Mwaka wa 1928, Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodiwa kwenye sahani za aina hiyo.

Alkoholi huiyeyusha sheleki. Anayeipangusa sahani ya namna hii kwa spiriti, akidhani anaisafisha, anaifuta sauti kwa mkono wake mwenyewe. Wala isilowekwe. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yale yenye tone la sabuni, pangusa upesi, suuza kwa kitambaa kingine, na ukaushe mara moja.

Sahani hizi zina mfereji mpana zaidi na huhitaji sindano yake. Sindano ya chuma ya gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono isiguse santuri ya vinili hata mara moja.

Sindano isisahaulike

Wengi huosha santuri na kuisahau sindano, ilhali sindano chafu huichafua sahani safi. Vumbi likijikusanya nchani hutengeneza kifurushi kidogo cha kijivu, na sauti huwa nzito na yenye mikwaruzo, hasa kuelekea mwisho wa upande.

Kifaa chake ni burashi ndogo yenye nywele fupi na laini. Zima kipaza sauti kwanza, kisha isogeze burashi kutoka nyuma ya sindano kuja mbele, upande ule ule ambao santuri husonga chini yake. Usiende mbele kwenda nyuma, wala kando kwa kando, kwa sababu kijiti kinachoishika almasi ni chembamba na huvunjika upesi. Kidole kisitumike kamwe.

Uchafu sugu unaweza kuondolewa kwa kipande kidogo cha sifongo nyeupe ya melamini, ile inayouzwa kwa ajili ya kufutia madoa ukutani. Kiweke chini ya sindano, ishushe ncha wima kwa wenzo wa gramafoni, kisha uinyanyue. Rudia mara mbili au tatu bila kuburuta.

Almasi nayo huchakaa. Sindano nyingi hudumu kati ya saa 500 na 1,000 za kucheza. Anayesikiliza saa moja kila siku atahitaji kuibadilisha baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu hivi. Iliyolika huwa na kingo kali zinazochonga mfereji, na hakuna burashi inayoweza kuirekebisha.

Hapa ndipo ilipo hatari ya desturi moja ya tangu zamani: kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Sarafu huongeza uzito mara kadhaa. Sindano haitaruka, lakini itakuwa inalima. Ikiwa inaruka, safisha santuri, safisha sindano, kisha ukague uzito wa mkono wa gramafoni kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Baada ya kusafisha

Santuri iliyooshwa isirudishwe katika mfuko ule ule wenye vumbi na ukungu. Mfuko mpya wa ndani wa plastiki laini ya polithini ni bora kuliko karatasi ngumu inayokwaruza. Jalada la awali litunzwe, kwani mara nyingi ndilo lenye majina ya wanamuziki na watunzi.

Zipange zikiwa zimesimama wima, zisilaliane, mbali na dirisha lenye jua na ukuta wenye unyevu. Zishikwe kwa ukingo na lebo pekee. Aliye na santuri adimu aioshe kwanza, kisha airekodi kwenye kompyuta mara moja akiwa na sindano nzuri, ili asilazimike kuichezesha mara kwa mara.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye santuri, hata nafasi hiyo ya kujenga ukuta haipo: mfereji ukishalika, hakuna fundi awezaye kuurudisha. Burashi mbili, kitambaa safi na chupa ya maji yaliyokenekwa ni gharama ndogo ya kuhakikisha kwamba sauti zilizorekodiwa nusu karne iliyopita zitasikika na vizazi vijavyo.