Vibao vya namba vyenye neno VETERAN ni vya nani?

Ndugu zetu, ukiegesha gari dukani utaona magari ambayo kibao chake cha namba, au plaki kama wengine tunavyoita, hakifanani na vingine. Kimeandikwa VETERAN, au kina picha ya nishani. Mzee mmoja aliniuliza kama naye anaweza kukipata, kwa sababu alikuwa askari kule Kongo.

Vibao hivi ni vya watu waliolitumikia jeshi la Marekani. Kila jimbo hutoa vyake, kwa hiyo picha, ada na masharti hutofautiana. Mwombaji huonyesha uthibitisho, mara nyingi hati iitwayo DD 214, ambayo askari hupewa anapoondoka jeshini. Kuna vibao vya waliopata ulemavu kazini, vya waliopewa nishani ya Purple Heart kwa kujeruhiwa vitani, na vya Gold Star kwa familia zilizofiwa na askari wao.

Basi nilimjibu mzee: hapana, jeshi la Kongo halihesabiwi. Na mtu akikuambia atakujazia fomu "kwa njia yake", kataa. Uongo kwenye fomu ya serikali unaweza kuharibu maombi yako ya kadi ya kijani au uraia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye magari yaliyotumika. Familia moja ninayoihudumia ilinunua gari kwa mtu likiwa bado na kibao cha askari. Baba akaliendesha hivyo hivyo kwenda kazini. Polisi walimsimamisha, namba haikulingana na jina lake, gari likavutwa. Alilipa faini, akalipa gharama ya kuvuta gari, na siku mbili za kazi zikapotea. Hakuwa mwizi; hakuna aliyemweleza.

Kwa hiyo kumbuka:

Kwanza, kibao maalumu ni cha mtu, si cha gari. Muuzaji akitoe kabla hujaondoka.

Pili, pokea hati ya umiliki iliyosainiwa, kata bima, kisha nenda ofisi ya magari ya jimbo, ambayo wengi huiita DMV, upate kibao chako au cha muda. Usiendeshe kabla ya hapo.

Tatu, usiegeshe penye alama ya kiti cha magurudumu bila kibali. Hata kibao cha kawaida cha askari hakitoshi hapo. Lakini kama wewe au mzazi wako mnatembea kwa shida, daktari anaweza kuwajazia fomu ya kuomba kibali chenu. Si lazima uwe umekuwa askari.

Nne, maduka mengine yana nafasi za kuegesha kwa ajili ya askari wa zamani. Tuwaachie. Sisi tunajua vita vinamfanya nini mtu.

Ukipata gari unalolitaka, njoo ofisini na karatasi zake tuzisome pamoja, kabla hujatoa pesa.