Uyoga Mdogo wa Kahawia

Katika misitu ya Ulaya, juu ya magogo yaliyooza, huota uyoga mdogo wa rangi ya kahawia uitwao Galerina. Ukiutazama kofia tu, utaudhani kuwa ni ule mwingine uliwao, maana huweza kuota katika gogo moja. Basi mchunguzi huung'oa mzima, alitazame shina. Shina la ule mwema lina magamba madogo chini ya pete. La Galerina lina nyuzi nyeupe tu. Lakini mvua huweza kuyaondoa magamba, na pete pia! Hapo heri kulala njaa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, wala haiumi mara moja: aliyeula huweza kukaa saa 6 hata 24 akijiona mzima, na kumbe sumu imekwisha kuingia katika ini.