Barua Zilizomo Makashani

Wazee wetu walisema kuwa barua ni nusu ya kuonana. Wakati wa vita barua huzidi nusu hiyo, kwani kwa mama aliyeagana na mwanawe asimwone tena, karatasi ile ndiyo kuonana kote kulikobakia. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, na khasa wale waliokabidhiwa ofisi za umma, thamani ya karatasi hizo. Mfano wetu twautoa mbali, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka 1861 hata 1865.

Vita hivyo havikuwa vigeni kabisa kwetu Visiwani. Marikebu kutoka Salem zilikuwa zikileta Unguja nguo ile tuiitayo merikani, na kurudi na pembe, sandarusi na karafuu. Vita vilipozuka pamba ilikatika na merikani ikaadimika. Wazee wetu waliviona vita hivyo kwa uhaba wa nguo. Vilio vya nyumbani kwa wapiganaji havikuwafikia.

Vilio hivyo vimo katika barua. Serikali ya Kaskazini ilitambua mapema kwamba askari asiyepata habari za watoto wake hupigana kwa moyo nusu. Mwezi wa Julai 1861 ikaruhusu askari wapeleke barua bila ya stempu, na ada ikalipwa na apokeaye. Tarehe 1 Julai 1863 barua zikaanza kupelekwa majumbani bila ya malipo katika miji 49, ili wake na wazazi wasipange safu mbele ya posta. Mwezi wa Novemba 1864 ikaanzishwa hawala ya posta, nayo ikawafaa askari waliotaka kupeleka mishahara yao nyumbani kwa salama.

Upande wa Kusini, katika majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, karatasi ilikwisha kwa sababu bandari zilizingirwa. Watu walipindua bahasha zilizokwisha tumika wakaziandika upya, wengine wakashona bahasha kwa karatasi za kupambia kuta. Aliyekuwa na ukurasa mmoja aliujaza, kisha akaugeuza upande na kuandika juu ya mistari ile ile.

Lakini barua zinazotugusa zaidi ni za wale waliokuwa watumwa. Katika majimbo mengi ya Kusini sheria ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Mwezi wa Septemba 1864, askari mmoja mweusi aitwaye Spotswood Rice, mgonjwa hospitalini mjini St. Louis, aliwaandikia binti zake waliokuwa bado utumwani katika jimbo la Missouri. Aliwaambia watulize nyoyo, kwani atawafikia hata kama gharama yake ni roho yake. Akamwandikia pia bibi aliyemshika mmoja wao, akamwonya kuwa mtoto yule ni haki aliyopewa na Mungu. Ndugu wa bibi huyo alikuwa bwana posta. Alighadhibika, akazipeleka barua hizo kwa jenerali, akitaka mwandishi wake aondoshwe jimboni. Kumbe shitaka lake ndilo lililozihifadhi. Zikaingia katika majalada ya jeshi, na zimo mpaka leo. Mwezi wa Januari 1865 utumwa ukafutwa katika jimbo hilo.

Twamtaja na mama mmoja, Hannah Johnson wa Buffalo, ambaye mwanawe alikuwa katika kikosi cha 54 cha Massachusetts. Tarehe 31 Julai 1863 alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe, akimwomba asikubali askari weusi watekwao wauzwe utumwani. Alikiri kuwa elimu yake ni ndogo, ila haki aijua. Siku moja kabla ya barua yake, Rais alikuwa amekwisha toa amri ya kuwalinda askari hao. Pamoja na hayo barua ya mama haikutupwa. Ilihifadhiwa miongoni mwa karatasi za serikali.

Hapa ndipo tunapotaka kufika. Sheria ya Julai 1862 iliwapa wajane wa askari wa kawaida pensheni ya dola 8 kwa mwezi, na mama aliyemtegemea mwanawe naye akapata haki. Lakini ilimpasa athibitishe kwamba mwanawe alikuwa akimlisha. Athibitishe kwa nini, ila kwa barua alizopelekewa pamoja na fedha? Basi akina mama wengi walizitoa barua hizo, pengine ya mwisho ikiwa miongoni mwao, wakazikabidhi ofisini ili wapate mkate. Taifa likapata hazina ya historia, na mama akarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi hatuoni kuwa serikali ilifanya uovu kwa kutaka ushahidi. Ila twaona kuwa bei ilikuwa kubwa, na ililipwa na mnyonge.

Visiwani mwetu nako yamo makasha yenye barua. Ziko za mabaharia, ziko za waliohama, ziko za vijana waliokwenda katika vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na nyingine za zamani zaidi zimeandikwa kwa hati za Kiarabu. Mchwa na unyevu vinazila kila masika, na wajukuu wakihama nyumba huzitia motoni pamoja na takataka. Wahenga walituonya kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Twawaomba wananchi wasichome karatasi wasiyoisoma. Nao watumishi wa serikali twawaomba mambo mawili. Kwanza, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zipewe uwezo wa kuwafuata wazee Unguja na Pemba, kunakili barua zao, na kuwarejeshea asili yake siku ile ile. Leo kunakili ni kazi ya dakika, wala hapana sababu ya mama kuchagua baina ya haki yake na kumbukumbu ya mwanawe. Pili, barua ya mtu mdogo ifikapo mezani ifunguliwe, isomwe, ijibiwe, kisha itiwe katika jalada lake. Afisa aitupaye hajui ni ushahidi wa nani anaoutupa.