Kariokor na Kariakoo: Jina lililoachwa na wapagazi

Mnunuzi wa vyondo katika soko la Kariokor, Eastlands jijini Nairobi, na mfanyabiashara anayefuata bidhaa Kariakoo, Dar es Salaam, hutaja jina moja bila kujua. Majina hayo mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwaangamiza wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa na watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Maradhi na njaa viliwaua kwa wingi kuliko risasi. Nairobi walipiga kambi palipo na mtaa huo; Dar es Salaam walifika baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka wa 1916. Wenyeji walilitamka jina la kikosi walivyolisikia, ndiyo sababu tahajia zikatofautiana.

Huko Tanzania jina limehamia hata uwanjani: pambano la Simba na Yanga, klabu zenye makao Kariakoo, huitwa Dabi ya Kariakoo popote linapochezwa.

Wapagazi wenyewe hawakupata bahati hiyo. Sanamu ya mwaka wa 1928 katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, inamwonyesha mpagazi pamoja na askari wawili, lakini haina majina ya waliofariki. Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba wahanga wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.